Blanketi la milia 26: mlia wa 8 umebana, wa 5 umelegea. Nifumue?

UziWaBuluu

Habari zenu wafumaji. Naomba uzoefu wenu, maana nimekaa na blanketi hili mapajani tangu asubuhi na sijaongeza hata mshono mmoja.

Namfumia mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kroshia nikiwa na miaka tisa, na enzi zake alikuwa akifuma vitambaa vya uzi mwembamba mno, ukikinyanyua kimoja kwenye mwanga utadhani ni utando wa buibui. Sasa macho yake yamefifia. Rangi kali bado anaziona, nyekundu na njano hasa, lakini mshono mmoja mmoja haumwonekei tena. Ndiyo maana nikaamua kila mlia wa blanketi uwe na rangi yake na mtindo wake wa kufuma. Asipoweza kulisoma kwa macho, alisome kwa vidole. Nataka akipapasa ajue yuko wapi: hapa makombe, hapa nundu, hapa matuta.

Uzi ni wa akriliki, unene wa kati, kwa sababu litafuliwa mara nyingi. Sindano ya kroshia ni ya milimita 5. Nimeanza na mishono 181. Nimepanga milia 26, kila mmoja kama sentimita 8 kwenda juu, jumla sentimita 208. Nimefika mlia wa 14, ambao ndio wa makombe, na hapo ndipo nilipokwama: makombe 29 yameingia vizuri, halafu mwishoni ukabaki mshono mmoja usio na mwenzake.

Nikalitandaza blanketi sakafuni nikachukua futi ya kitambaa. Sikuamini nilichokiona. Mlia wa 1, ambao ni nguzo tupu, una upana wa sentimita 139. Wa 5, ule wa herufi V, una 147. Wa 8, wa matuta, una 127. Kuanzia wa 11 kwenda juu ni 135. Ukilitazama kwa mbali lina kiuno kama mtungi.

Jambo lingine ni nundu za mlia wa 10. Kwenye picha ya maelekezo zimesimama kama punje za mahindi. Zangu zimelala. Ukipita mkono huzisikii, na kwa mama yangu nundu isiyosikika ni sawa na haipo.

Nisiwachanganye kwa majina: mshono mfupi ni ule wa kuingiza sindano, kuvuta uzi, kisha kupitisha kwenye vitanzi viwili kwa pamoja. Nguzo ni ile unayozungusha uzi kwanza ndipo unaingiza, unavuta, unapitisha viwili, unapitisha viwili tena. Matuta nimeyafanya kwa nguzo za kukumbatia, yaani sindano haiingii juu ya mshono bali inazunguka shina la nguzo ya mstari wa chini, mbili zikitokezea mbele na mbili nyuma. Kombe ni nguzo tano kwenye tundu moja, zinazotanuka kama kombe.

Swali langu: nifumue yote hadi wa 5? Au kuna namna ya kuliokoa bila kupoteza kazi ya miezi mitatu?

KitanziKimoja

Pole sana dada. Mimi ningeacha. Blanketi likiwa kitandani nani atalipima kwa futi? Zungushia pindo pana la mishono mifupi, vuta kidogo pale palipolegea, mambo yataenda sawa. Pindo langu liliwahi kuficha tofauti ya sentimita tatu na hakuna aliyegundua mpaka leo.

NguzoNdefu

Sentimita tatu sawa, KitanziKimoja, lakini hapa kati ya mlia wa 5 na wa 8 kuna tofauti ya 20. Pindo litatii lile lililo chini yake. Palipobana litakunjamana, palipolegea litavutika.

Dada UziWaBuluu, kabla hujavuta uzi hata mmoja, fanya jambo moja. Hesabu mishono ya kila mlia, mstari wa mwisho wa kila mmoja. Chukua vipande vya uzi wa rangi nyingine, weka kimoja kila baada ya mishono 20, usije ukapotea katikati ukaanza upya. Upana wa futi peke yake haukuambii kosa liko wapi. Mlia unaweza kuwa mwembamba kwa sababu mishono imepungua, au kwa sababu mishono ipo yote ila imebana. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake ni mbali mbali.

Tuletee hesabu hapa.

UziWaBuluu

Nimehesabu mara mbili, mara ya pili mwanangu akinisomea vipande vya uzi.

Mlia wa 1: 181. Wa 5: 182 (niliongeza mmoja kwa makusudi, nitaeleza). Wa 8: 181. Wa 10: 181. Wa 11: 176. Wa 12 na 13: 176.

Wa 5 niliongeza mmoja kwa sababu kila V yangu ni nguzo, cheni moja (kitanzi kinachovutwa kupitia kingine bila kuingiza sindano kwenye mshono), nguzo, zote kwenye tundu moja, halafu naruka mishono miwili. V moja inakula mishono mitatu, na pembeni kuna nguzo moja kila upande. 60 mara 3 ni 180, ongeza 2 za pembeni, 182. Nilipotoka kwenye mlia huo nikaurudisha 181.

NguzoNdefu

Hesabu safi kabisa. Hapo kwenye V wengi hulazimisha 181 ziingie, wanabana pembeni, na ukingo unapinda.

Sasa tazama. Mlia wa 1 ndio kipimo chetu: 139 gawanya kwa 181, kila mshono unachukua sentimita 0.77. Chukua mishono 176 ya mlia wa 11, zidisha kwa 0.77, unapata 135 na ushee. Ndicho ulichopima! Kwa hiyo kuanzia wa 11 mkono wako hauna tatizo lolote, ni mishono mitano tu imedondoka njiani.

Najua pia imedondokea wapi. Mlia wa 11 ni nguzo, sivyo? Ukianza mstari kwa cheni tatu, hizo cheni tatu zinahesabika kuwa nguzo ya kwanza. Ukirudi mstari unaofuata, mshono wako wa mwisho lazima uingie juu ya zile cheni tatu. Zinajificha, zinajikunja kwa nyuma, mtu anaona amemaliza anageuza. Mshono mmoja umepotea. Mistari mitano, mishono mitano. Kinyume chake pia kipo: ukifuma nguzo kwenye shina la zile cheni ulizotoka kupiga, unaongeza mmoja kila mstari.

Mimi huweka kipande cha uzi kwenye cheni ya tatu mara tu ninapoipiga. Nikirudi naingiza sindano palipo na uzi, bila kubahatisha.

Na ndiyo maana makombe yalikukatalia. Kombe la nguzo tano na mshono mfupi wake linakula mishono sita, mwishoni unahitaji mmoja wa kufungia. 30 mara 6 ni 180, na mmoja, 181. Hata ukihesabu mstari wenyewe wa makombe, 30 mara 5 ni 150, na mishono mifupi 31, unarudi 181 ile ile. Namba uliyoichagua mwanzo ni nzuri mno, 180 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 9, 10 na 12, karibu kila mtindo utaingia. Ilinde.

Mlia wa 5 na wa 8 ni kesi nyingine. Mishono ipo yote. V ina matundu, hewa inapita, kitambaa kinatanuka. Nguzo za kukumbatia zinavutana kama mpira, ndiyo sababu watu huzitumia kwenye mikono ya sweta. Hapo hakuna kosa la kuhesabu, ni tabia ya mtindo. Sindano moja kwa mitindo yote 26 haitakupa upana mmoja.

Mfumaji Polepole

Nimechelewa kuingia, lakini hili la nundu limenigusa kwa kuwa lilinipata.

Mwanangu, hayo maelekezo ya mlia wa 10 yalitoka wapi? Kama ni ya Kiingereza, tazama yameandikwa kwa mtindo wa Marekani au wa Uingereza. Wanatumia maneno yale yale kwa mishono tofauti. Mshono mfupi Mmarekani anauita singo. Mwingereza mshono huo huo anauita dabo. Na dabo ya Mmarekani ni nguzo, ambayo Mwingereza anaiita trebo. Ukisoma maelekezo ya Uingereza kwa macho ya Marekani, kila palipotakiwa mshono mfupi utaweka nguzo.

Kwenye nundu hilo linaua kila kitu. Nundu ni nguzo nne au tano ambazo hazijamaliziwa, zinafungwa kwa pamoja kichwani. Inasimama kwa sababu jirani zake ni wafupi. Imebanwa kati ya mishono miwili mifupi, haina pa kujinyoosha, inajikunja na kuchomoza. Ukiizungushia nguzo zenye urefu sawa na wake, inajinyoosha vizuri na kulala. Hicho ndicho unachokieleza.

Njia ya kugundua: kama maelekezo yana neno singo popote, ni ya Marekani, Waingereza hawalitumii hilo. Kama kuna dabo na trebo bila singo hata mara moja, yashuku.

Jambo moja zaidi. Nundu huchomoza upande wa nyuma wa mstari unaoufuma. Zifume ukiwa upande wa ndani wa blanketi, zitatokea nje. Na ikiwa moja imekataa, isukume kwa kidole ukiwa kwa nyuma.

UziWaBuluu

Shikamoo Mfumaji Polepole. Nimekimbia kuitafuta ile karatasi. Dabo, dabo, trebo, dabo. Hakuna singo hata moja. Nilifuma nguzo kila mahali palipoandikwa dabo, mlia mzima. Asante sana, nilikuwa nimeshaanza kuulaumu uzi.

Basi nimekata shauri: nafumua hadi mwanzo wa mlia wa 8. Milia sita na ushee. Inauma, lakini wa 8 ukibaki na kiuno hicho, na nundu zikibaki zimelala, nitakuwa nimemfumia mama kitu ambacho yeye mwenyewe angekifumua.

Nisaidieni mawili. Mlia wa 8 niutumie sindano kubwa zaidi? Na huu wa 5, uliozidi sentimita 8, nao nifumue?

NguzoNdefu

Wa 5 usiuguse. Kitambaa chenye matundu ukikivuta kwenda juu kinapungua upana. Blanketi likiisha, utalipigilia pini kwenye godoro kwa vipimo vyako na kulipitishia mvuke wa pasi. Zingatia: akriliki haiguswi na pasi. Shikilia pasi juu yake kama upana wa vidole viwili, mvuke ufike, chuma kisifike. Joto likizidi akriliki inalegea moja kwa moja, hairudi tena. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Na sehemu za nundu na matuta usizipitishie kabisa, zitalala.

Wa 8, jaribu sindano ya milimita 6. Fuma kipande cha mishono 30. Kikitoa sentimita 23, umepata.

KitanziKimoja

Hapo kwa mara ya kwanza nina cha kusaidia, kwa sababu matuta ndiyo ninayoyapenda kuliko mitindo yote. Sindano kubwa itakupa upana, sawa, lakini matuta yatalegea. Yatakuwa mawimbi laini. Wewe unataka mama ayasikie.

Baki na sindano yako ya 5 na uongeze mishono. 127 gawanya kwa 181 ni 0.70. Unataka 139, igawanye kwa 0.70, unapata 198. Mstari wa kwanza wa mlia huo, ambao ni nguzo za kawaida, ongeza mishono 17: karibu kila baada ya mishono kumi weka nguzo mbili kwenye tundu moja. Ukimaliza matuta, mstari wa mwisho punguza zile zile 17 kwa kufunga nguzo mbili pamoja. Urudi 181.

Na naomba radhi kwa lile jibu langu la mwanzo. Sikuwa nimeelewa ni la kusomwa kwa vidole.

Mfumaji Polepole

KitanziKimoja amesema kweli, fuata hilo.

Uzi utakaoufumua usiuzungushe kuwa bonge papo hapo. Utakuwa umejisokota kama nywele zilizofumuliwa, na ukiufumia hivyo mishono itatoka mirefu kwa mifupi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba, uloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, uning'inize mpaka ukauke. Ndipo ufanye bonge.

Ncha za uzi unazifanyaje? Milia 26 ni ncha 52 kwa uchache.

UziWaBuluu

Nilikuwa nafunga fundo na kukata karibu.

Mfumaji Polepole

Acha hapo hapo. Fundo linafunguka kwenye kufua, na likifunguka katikati ya blanketi linakula mishono kushoto na kulia. Acha ncha ya sentimita 15. Ipitishe kwa sindano butu yenye jicho kubwa ndani ya mishono ya rangi yake, kwenda kulia, kurudi kushoto kwa kuruka uzi mmoja, kisha kulia tena. Mara tatu. Na usiziache zote mpaka mwisho, maliza za kila mlia kabla ya kuanza mwingine. Na kwa mama asiyeona vizuri, fundo ni kokoto. Vidole vyake vitalikuta tu.

Rangi nayo usibadilishe baada ya kugeuza. Mshono wa mwisho wa rangi ya zamani, vikibaki vitanzi viwili kwenye sindano, pitisha rangi mpya. Mpaka unanyooka kama umechorwa kwa rula.

UziWaBuluu

Narudi na taarifa, wapendwa. Siku kumi na saba zimepita.

Nilifumua jioni moja. Mwanangu alikuwa akizungusha uzi kwenye kiti, mimi navuta. Buluu, njano, kijani, zambarau, viti vyote vya mezani vikavaa uzi. Mama alikaa karibu akauliza ni sauti gani hiyo, ile ya mishono inayoachia, tk tk tk. Nikamwambia. Akasema, "Afadhali." Basi.

Mlia wa 8 mpya una mishono 198, matuta yamesimama imara, na upana ni sentimita 140. KitanziKimoja, nimekushukuru kila mstari. Wa 10 nimeufuma na mishono mifupi, nundu nikazifumia upande wa ndani kama alivyosema Mfumaji Polepole. Zimechomoza zote. Unaweza kuzihesabu gizani. Wa 11, 12 na 13 zote 181, kipande cha uzi mwekundu kwenye kila cheni ya tatu.

Jana nilimaliza mlia wa 14, ule wa makombe. Makombe 30 mstari wa kwanza. Mstari wa pili 29, na nusu kombe kila upande. Niliulaza kwenye magoti ya mama bila kumwambia kitu. Akaweka viganja vyake viwili akaanza kutembea navyo, kushoto kwenda kulia, polepole. Akavuka matuta, akatabasamu. Akavuka nundu, akarudi nyuma, akazipitia tena moja moja kama anahesabu. Alipofika kwenye makombe akapunguza mwendo. Akasimama. Akashika kombe moja kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akalibinya.

"Hili lina nguzo nne," akasema.

Nikaliinamia na taa. Nguzo nne. Nilikuwa nimelihesabu blanketi zima mara mbili na sikuliona.

Nimefumua mpaka pale. Leo usiku naurudia mstari.